Operesheni imekwisha, mkono bado unawaka

QURUM, Maskati – Katika vikao vya jioni vya Waswahili wa hapa hakosekani mtu aliyefunga kitambaa mkononi. Alipasuliwa kifundo miezi kadhaa nyuma, kidonda kimepona, lakini vidole vinawaka moto na usiku halali. Ukimuuliza, jibu ni moja: "Subira tu." Sisi tunasema subira ni njema, lakini kuna maumivu ambayo ukiyasubiri sana, mkono wenyewe unakwenda.

Mara nyingi operesheni hiyo ni ya kuufungulia nafasi mshipa wa fahamu unaopita kifundoni chini ya utepe mgumu. Ukibanwa, kidole gumba, cha shahada na cha kati hufa ganzi. Wenye sukari na wanaofanya kazi nzito za mikono wanaujua vyema ugonjwa huu.

Wengi waliopasuliwa hupona. Kiganja kuuma karibu na kovu kwa wiki au miezi michache si ajabu, na mshipa ulioumia hujijenga polepole, kiasi cha milimita 1 kwa siku.

Yakizidi hapo, mweleze daktari mwendo wa ganzi yako. Haikuondoka hata siku moja? Huenda utepe haukukatwa wote. Iliondoka kisha ikarudi? Huenda kovu limeubana mshipa. Maumivu ni mapya na makali kuliko ya mwanzo? Huenda mshipa wenyewe umejeruhiwa. Kipimo cha umeme cha mishipa husaidia kutofautisha, hasa kikilinganishwa na kile cha kabla ya operesheni. Basi tunzeni karatasi zenu. Hapa jirani tunayo Hospitali ya Khoula, inayojulikana Oman nzima kwa upasuaji wa mifupa na wa mishipa ya fahamu.

Panadol kwa kawaida haifui dafu mbele ya maumivu ya mishipa. Dawa zake ni kama amitriptilini, gabapentini na pregabalini, zinazoanzwa kwa kipimo kidogo. Zinaleta usingizi na kizunguzungu, na hazikatizwi ghafla. Usimeze za jirani: Uingereza iliziweka gabapentini na pregabalini chini ya udhibiti mwezi Aprili 2019, kwa sababu ya matumizi mabaya na vifo. Anayesafiri nazo kwenda Unguja au Mombasa achukue barua ya daktari.

Mkono ukivimba, ukibadilika rangi, ukitoka jasho bila sababu, na hata shuka ikiugusa ukapiga kelele, nenda hospitali mapema. Hapo kosa kubwa ni kuufunga na kuuficha, maana viungo hukakamaa. Tiba yake kuu ni mazoezi ya taratibu chini ya mtaalamu, na wengine hufundishwa kutumia kioo, wakitazama mkono mzima ukicheza ili ubongo uzoee tena.

Ndugu zetu, kuambiwa kwamba kidonda kimepona si jibu la maumivu. Rudini mkaulize tena, mngali mnaweza kukunja ngumi.