Twachakaa Kabla ya Kuzeeka

Desemba iliyopita nilikwenda Voi kumzika mwenzangu. Tulisoma darasa moja katika shule ya msingi huko juu milimani Taita, tukachapwa na mwalimu mmoja, tukateka maji katika chemchemi moja. Mimi nikaishia kufundisha isimu katika chuo kikuu. Yeye akaishia nyuma ya usukani wa lori la masafa marefu baina ya Mombasa na Malaba. Asubuhi moja alianguka akijiandaa kwenda kazini, nusu ya mwili ikafa ganzi, ulimi ukawa mzito, na siku ya tatu akatutoka. Alikuwa na umri wa miaka 48. Waliomwuguza walisema ni kiharusi kilicholetwa na shinikizo la damu. Nilipomwuliza mjane wake kama marehemu alikuwa akitumia dawa, alinijibu kwa maneno ambayo hayajanitoka moyoni hadi leo: "Hakuwa mgonjwa, shemeji. Hajapimwa hata siku moja. Angepimwa nini?"

Kesho yake nilipita karibu na soko la Voi nikawakuta wahudumu wa afya wameweka meza chini ya mti, wakipima watu bila malipo. Nikajiunga na foleni. Mbele yangu alikuwa nyanya mmoja aliyeteremka kutoka mlima wa Sagalla na kikapu chake cha mbaazi. Nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukazungumza kidogo hadi zamu yake ilipofika. Alipimwa, akaambiwa 126 kwa 78. Kijana mmoja nyuma yetu akasema kwa mzaha wenye heshima: "Nyanya huyu amekula chumvi nyingi!" Ajuza yule akageuka, akamjibu: "Chumvi gani, mjukuu wangu? Zamani zetu tuliinunua ya thumuni, ikakaa mwezi." Watu wakacheka. Kisha nikaketi mimi, mwenye shahada ya uzamifu na umri wa miaka 46. Nilipata 154 kwa 98. Mhudumu alinitazama kidogo, akanirudia kupima. Tarakimu hazikubadilika kwa jambo la maana.

Kwa kuwa kazi yangu ni kuchunguza maneno, niliondoka pale nikiyatafakari yale yaliyosemwa na kijana. Katika Kiswahili, aliyeishi siku nyingi husemwa kuwa amekula chumvi nyingi. Hesabu yenyewe ni rahisi kueleweka: ikiwa kila siku huleta chembe chache tu katika chungu, basi mwenye kula nyingi hana budi kuwa ameziona siku nyingi. Nahau hiyo yafaa mahali ambapo chumvi ni haba. Leo twaweza kula chumvi nyingi bila kuishi siku nyingi, na hapo nahau huwa imegeuka kejeli.

Kuna jozi nyingine ya maneno inayostahili kuangaliwa. Kitenzi zeeka kimeundwa kutokana na -zee kwa kuongezewa kiambishi -k-, kama vile fupika ilivyotoka katika -fupi, na erevuka katika -erevu. Kiambishi hicho chaonyesha kuingia katika hali fulani. Kuzeeka, basi, ni safari ya kila aliye hai, wala hakuna dawa wala dua ya kuizuia. Kuchakaa ni jambo jingine. Nguo huchakaa, gari huchakaa, mabati huchakaa, na kasi ya kuchakaa kwake hutegemea jinsi vinavyotumiwa na kutunzwa. Nathubutu kusema kwamba msiba wa kizazi changu ni huu: twachakaa kabla ya kuzeeka.

Si porojo za kusifu zamani. Mnamo 1929 daktari Mwingereza aliyeitwa C. P. Donnison alichapisha katika jarida la Lancet matokeo ya kazi yake huko Kavirondo Kusini, magharibi mwa Kenya. Katika muda wa miaka miwili hospitali yake ilikuwa imelaza wagonjwa wapatao 1,800, naye hakumkuta hata mmoja mwenye shinikizo la damu. Alipowapima watu 1,000 wasiokuwa wagonjwa, aliona kwamba shinikizo lao halikupanda baada ya miaka 40 kama la Wazungu lilivyopanda. Bali lilielekea kushuka. Wakati huo wengi waliamini kwamba kupanda kwa shinikizo ni sehemu ya lazima ya uzee. Wakenya wale walionyesha kwamba sivyo.

Yamkini msomaji atasema kwamba basi ilikuwa ni damu ya Mwafrika. La hasha. Mwaka 1990 Neil Poulter na wenzake walichapisha katika British Medical Journal uchunguzi wa Waluo waliohama vijijini magharibi mwa Kenya kwenda kuishi Nairobi. Waliwafuata wahamiaji hao na kuwalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Watu walikuwa wale wale, wa damu ile ile na koo zile zile. Hata hivyo, shinikizo la wahamiaji lilianza kupanda ndani ya miezi michache tu baada ya kufika jijini. Mikojo yao ilionyesha kwamba chumvi waliyokula iliongezeka, na potasiamu, madini yapatikanayo kwa wingi katika ndizi, maharagwe, viazi vitamu na mboga za majani, ilipungua. Uzito wao nao ulikuwa umepanda. Mwili haukungoja uzee ndipo uanze kuandika hesabu.

Sisi wa Taita Taveta twaweza kuusoma uchunguzi huo kana kwamba umeandikwa juu yetu. Kilele cha Vuria hufikia mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Voi uko karibu mita 600. Tangu reli ilipofika Voi mwishoni mwa karne ya 19, vizazi vya watu wa milimani vimekuwa vikiteremka kufuata riziki: katika mashamba ya mkonge, katika stesheni, katika maduka na gereji za barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Waliobaki juu walipanda na kushuka miteremko kila siku wakienda shamba, kisimani, kanisani, sokoni. Hakuna aliyeita jambo hilo mazoezi. Chakula chao kilikuwa muhogo, ndizi, kunde, maharagwe, mboga za majani, na kimanga, yaani muhogo au ndizi zilizopondwa pamoja na maharagwe. Hakuna aliyekiita chakula cha afya. Milima ndiyo iliyowalazimisha kuishi vile, na ufukara nao ukatia mkono wake.

Sisi tulipoteremka tuliyaacha mazoea hayo huko huko juu. Bondeni tulikuta viazi vya kukaanga, viazi karai, maandazi, soda baridi kwa sababu ya joto, na viungo vya pakiti vya kukoleza mchuzi ambavyo vingi vyavyo ni chumvi tupu. Siku hizi hata mwendo wa dakika kumi twaupandia bodaboda.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba babu zetu waliishi peponi. Wengi hawakuuona huo uzee tunaousifu. Malaria, njaa na uzazi mgumu viliwapunguza mapema, na chanjo na hospitali za leo ni neema ambayo wao wangeililia. Nisemalo ni kwamba tumeokolewa na yale yaliyowaua wao, kisha tukajitafutia yetu.

Marehemu mwenzangu alikuwa akiketi kwenye usukani saa kumi, pengine kumi na mbili kwa siku. Mwaka 1953 Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi wa wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva, waliokaa kitako kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi ya makondakta, ambao kutwa walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa wakikata tikiti. Hao walikuwa waajiriwa wa kampuni moja na wakazi wa mji mmoja. Kila nionapo malori yaliyoegeshwa Voi usiku, hukumbuka uchunguzi huo. Aidha, sisi wahadhiri tusiwacheke madereva, maana kiti ni kiti, kiwe cha lori au cha maktaba.

Swali kubwa ni lini mtu aanze. Wengi wetu husema, "Nikistaafu nitajitunza." Jibu zuri nilionalo limetoka katika mambo ya tumbaku. Richard Doll na wenzake waliwafuata madaktari wanaume wa Uingereza zaidi ya 34,000 kwa nusu karne, kuanzia 1951. Matokeo yaliyotolewa 2004 yalionyesha kwamba wavutaji wa sigara wa maisha walipoteza takriban miaka 10 ya umri. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alijirudishia miaka 3 hivi. Aliyeacha na 50 alirudishiwa 6. Aliyeacha na 40 alirudishiwa 9. Aliyeacha na 30 karibu yote. Hakuna umri ambao kuacha hakufai, lakini kila muongo wa kuchelewa una bei yake. Misuli na mifupa nayo hufikia ukomo wa nguvu zake karibu na umri wa miaka 30, kisha huanza kupungua polepole; aliyeweka akiba kubwa ujanani ndiye atakayekuwa na cha kutumia uzeeni. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Twaitumia methali hiyo juu ya watoto wa watu wengine, kumbe yatuhusu sisi wenyewe.

Nayajua mapingamizi. Rafiki yangu mmoja mwenye kibanda cha vyakula hapo Voi aliniambia, "Mwalimu, hayo ni maneno ya walioshiba." Ana haki ya kusema hivyo. Karibu asilimia 62 ya kaunti yetu iko ndani ya mbuga za Tsavo. Mkulima anayepanda kunde aweza kuamka akute ndovu wamevuna kabla yake, na katika vitongoji vilivyopakana na mbuga, anayetaka kutembea alfajiri hana budi kujua kwanza ndovu wamelala wapi. Ukame nao haukosi. Kumhimiza mtu wa namna hiyo anunue matunda ya dukani ni kumkejeli.

Lakini kupunguza chumvi hakugharimu kitu. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai. Nyumba ya watu watano ikifuata kipimo hicho, pakiti ya nusu kilo itadumu siku 20, tena bila kuhesabu chumvi iliyomo ndani ya mkate na vitafunio. Msomaji na ahesabu pakiti zake mwenyewe. Kushuka bodaboda mapema hakugharimu kitu. Bali huokoa nauli. Pojo, mbaazi na kunde hustahimili ardhi yetu kavu kuliko mahindi, na ni chakula tulichokijua kabla ya kukionea haya. Na kupimwa huchukua dakika mbili. Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya kila wanne nchini Kenya alikuwa na shinikizo la juu la damu, na kwamba asilimia 56 hawakuwa wamepimwa kamwe. Mwenzangu alikuwa katika fungu hilo la pili, wala hakujua kwamba yumo pia katika la kwanza.

Haya hayatoshi kuachiwa mtu binafsi peke yake. Serikali ya kaunti yaweza kuifanya ile meza ya chini ya mti kuwa jambo la kila siku ya soko, Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta. Wenye malori waweza kuwapima madereva wao kwa uangalifu ule ule wanaopimia matairi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa kiharusi hujengwa na mke na watoto.

Nami je? Daktari alinipa miezi mitatu ya kubadili mwenendo kabla ya kuamua juu ya vidonge. Nimeondoa kikopo cha chumvi mezani, nimerudia mboga na maharagwe, na kila jioni hutembea dakika arubaini. Wiki mbili za kwanza chakula kilikuwa kama karatasi; sasa nikila mgahawani huona mchuzi wa wenzangu ni maji ya bahari. Mara ya mwisho nilipimwa 138 kwa 88. Sijashinda, na huenda vidonge vikaja bado. Laiti ningalianza nikiwa na miaka 25.

Siku ile, kabla sijaondoka Voi, nilimshika mkono mwana wa marehemu, kijana wa miaka 22 aendeshaye bodaboda, nikampeleka kwenye ile meza. Alikuja kwa ajili ya heshima tu. Alipata 118 kwa 76. Akatabasamu, akasema, "Unaona, baba? Mimi ni mzima."

Neno mzima lina maana tatu katika lugha yetu: asiye mgonjwa, asiyepungua kitu, na aliyekwisha kukua. Nikamwambia kwamba ni kweli, yeye ni mzima kwa maana zote tatu, na kwamba siku kama hiyo ndiyo ya kuanza. Baba yake pia alikuwa mzima alipokuwa na umri huo.