Kuletewa bidhaa nyumbani: Uliza kwanza kosa litabebwa na nani

AGHALABU mtu anapochagua supamaketi ya kumpelekea vyakula nyumbani, swali lake la kwanza huwa bei. La pili huwa ada ya usafiri. La tatu, ambalo ndilo lililostahili kutangulia, haliulizwi kabisa: kosa likitokea, litabebwa na nani?

Swali hilo nilifunzwa na hasara. Nikiwa Nairobi, nilimwagizia mama yangu, anayeishi nje kidogo ya mji wa Kitale, mahitaji ya mwezi mzima kutoka duka moja la mjini humo: unga, sukari, majani chai, sabuni na mafuta ya kupikia ya lita tatu. Nililipa pesa zote kwa simu. Jioni mama alinipigia kunishukuru, nami nikalala nimeridhika.

Wiki mbili baadaye nilifika nyumbani. Nilikuta kwamba mafuta yaliyoletwa yalikuwa ya lita mbili, na pakiti mbili za unga zilikuwa zimelowa na kuganda. Mama hakujua nilichokuwa nimeagiza, hivyo hakuwa na la kulinganisha. Risiti ilikuwa imerudi na mhudumu wa bodaboda. Duka nalo likaniuliza, kwa adabu zote, ushahidi wangu ulikuwa wapi. Sikuwa nao.

Wahenga hawakukosea waliposema kuwa mali bila daftari huisha bila habari.

Nimeyasimulia haya kwa sababu hali hiyo si yangu peke yangu. Maelfu ya watu wenye asili ya Trans Nzoia na Bungoma hufanya kazi mbali na nyumbani na kuwatunza wazazi wao kupitia simu. Katika mpango huo, anayelipa siye anayepokea, na anayepokea siye aliyeagiza. Ndiposa kosa dogo hupita bila kuonekana.

Huduma yenyewe ilipata nguvu mwaka wa 2020. Kisa cha kwanza cha corona nchini kilitangazwa Machi 13, na kafyu ya usiku ikaanza Machi 27. Watu waliokuwa hawajawahi kununua sukari bila kuishika walijifunza kutuma orodha kwa simu. Malipo hayakuwa kikwazo, maadamu M-Pesa ilikuwa imeenea tangu Machi 2007.

Katika miji kama Kitale na Bungoma, si lazima mteja awe na programu maalumu kwenye simu yake. Mara nyingi mambo ni sahili: namba ya simu ya duka, orodha iliyotumwa kwa WhatsApp, na pikipiki. Wapo wauzaji wakubwa kama Khetia's, kampuni iliyoanzia Kitale na yenye matawi Bungoma pia, na yapo maduka madogo ya mitaani ambayo mwenyewe ndiye hupokea simu. Ukubwa wa jina, hata hivyo, haukuambii kitakachotokea mlangoni pako.

Ni nani anayebeba mzigo?

Jambo la kwanza la kubainisha ni aina ya huduma. Zipo tatu, na kila moja ina mwenye dhima wake.

Katika aina ya kwanza, duka hupokea agizo, hufunga mzigo na kumtuma mhudumu wake lenyewe. Hapa mteja ana mtu mmoja wa kumuuliza. Chupa ikipasuka njiani, duka haliwezi kukuelekeza kwa mtu mwingine.

Katika aina ya pili, kampuni ya kati ndiyo hupokea agizo na malipo, kisha humtuma mtu wake dukani. Hapo huna budi kuuliza mapema: bidhaa ikiwa mbovu, utarudishiwa pesa na kampuni hiyo au na duka? Isitoshe, kampuni za kati huja na kwenda. Jumia ilifunga huduma yake ya kupeleka vyakula humu nchini mwishoni mwa 2023, ingawa jina lake lilikuwa limezoeleka.

Katika aina ya tatu, wewe mwenyewe unampigia simu mhudumu wa bodaboda unayemfahamu na kumtuma dukani. Aghalabu njia hii ndiyo rahisi kupita zote, na kwa wengi ndiyo yenye imani zaidi. Lakini fahamu kwamba mhudumu huyo ni mjumbe wako. Duka likishamkabidhi mzigo ukiwa kamili, ni kama limekukabidhi wewe. Mvua ikiunyeshea njiani, hasara ni yako.

Linganisha kapu zima

Kuhusu bei, kosa la kawaida ni kulinganisha bidhaa moja moja au kuvutiwa na tangazo la usafiri wa bure. Andika orodha moja ya vitu unavyotumia kila mwezi, ukitaja chapa na ujazo, kisha uitume kwa maduka mawili au matatu siku ile ile. Uliza jumla yote hadi mlangoni.

Tuchukue mfano. Duka la kwanza linauza kapu lako kwa Sh3,000 na kutoza Sh200 za usafiri. La pili linasema usafiri ni bure, lakini kapu lile lile ni Sh3,270. Hiyo 'bure' imekugharimu Sh70 zaidi.

Tazama pia kiwango cha chini cha kupata usafiri wa bure. Mwenye kapu la Sh2,600 anayeongeza bidhaa za Sh400 asizozihitaji ili aokoe ada ya Sh150 hajaokoa chochote. Aidha, anayeagiza kidogo kidogo kila wiki hulipa ada mara nne. Bidhaa zisizoharibika, kama sukari, chumvi, mchele na sabuni, zafaa kuagizwa mara moja kwa mwezi.

Kwa upande mwingine, si kila kitu kinafaa kuagizwa supamaketi. Kitale na Bungoma zimezungukwa na mashamba. Mrenda, saga, mnavu na kunde hufika sokoni zikiwa mbichi, na mama mboga wa karibu huziuza bila ada ya pikipiki. Mahindi nayo familia nyingi hununua kwa gorogoro na kuyapeleka kwenye kinu cha kusagia. Supamaketi iachiwe kile inachokimudu: bidhaa zilizofungwa kiwandani.

Kitu kikikosekana

Hakuna duka lisiloishiwa na bidhaa. Tofauti iko katika hatua linayochukua baada ya hapo. Duka zuri humpigia mteja kabla ya kubadilisha. Duka baya hutia kapuni chochote kilicho karibu na kuacha mteja agundue mwenyewe, kama yalivyotufika na mafuta ya lita mbili.

Mweleze muuzaji tangu mwanzo ni lipi kati ya mambo matatu unalotaka: akupigie simu kwanza, abadilishe kwa chapa nyingine yenye ujazo ule ule na bei isiyozidi, au akiondoe kitu hicho na kurudisha pesa. Uamuzi huo uandike juu ya orodha, usiuseme kwa mdomo tu.

Vivyo hivyo kwa tarehe za mwisho za matumizi. Sote tunapokuwa dukani hunyoosha mkono hadi nyuma ya rafu tukachukua maziwa au mkate wenye tarehe ya mbali. Mfanyakazi anayekukusanyia bidhaa huchukua kilicho mbele, na kilicho mbele ndicho kilichokaribia kuharibika. Mwombe akutumie picha ya tarehe, au umwambie mapema kuwa hutapokea maziwa yaliyobakisha siku moja.

Mvua, matope na mifuko

Kuanzia Aprili, mvua huwa nyingi katika eneo la Kitale, na aghalabu hunyesha alasiri. Anayeagiza asubuhi ana nafasi bora ya kupata unga mkavu kuliko anayeagiza saa tisa.

Tangu Agosti 28, 2017, serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, mizigo hufungwa kwenye mifuko ya kitambaa au makatoni. Katoni ikilowa hulegea, na sukari huishia barabarani. Kwa hivyo uliza: pikipiki ya duka ina kasha lenye kifuniko? Sabuni hutengwa na unga? Mayai hubebwa vipi? Duka linalotuma mizigo kila siku litakuwa na jibu tayari.

Kisha kuna suala la kufika. Nyumba zetu nyingi hazina namba wala mitaa yetu haina vibao. Kufika Milimani mjini Kitale au karibu na barabara kuu pale Kanduyi, Bungoma, si kazi kubwa. Lakini ukiishi ndani kabisa ya Matisi, Kibomet, Musikoma au Sinoko, uliza kama ada uliyotajiwa inafika mlangoni au inakomea kwenye lami. Wapo wateja ambao huitishwa nyongeza wakati mzigo umekwisha kufika, na wakati huo hawana nguvu ya kubishana.

Mlangoni

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31 ya Sheria za Kenya, inampa mnunuzi ambaye hakuwa ameziona bidhaa nafasi ya kuzikagua kabla ya kuhesabiwa kuwa amezikubali. Kuzikagua, kwa hivyo, ni haki. Si utovu wa adabu wala dalili ya kumshuku mhudumu.

Duka linalofaa humruhusu mhudumu wake kusubiri dakika tano mzigo ukikaguliwa. Lile ambalo mhudumu wake hutupa mfuko langoni na kuondoka kwa kasi limekwisha kukuambia jinsi litakavyoshughulikia malalamishi yako. Hata hivyo, tusimtwike kijana wa pikipiki kosa la aliyefunga mzigo. Kinachotakiwa ni aandike upungufu kwenye risiti na kupiga simu dukani palepale.

Kuhusu malipo, ni heri kulipa baada ya kukagua. Iwapo duka linataka malipo ya mapema, lipa kwenye namba ya Lipa na M-Pesa ya duka lenyewe, na uhakikishe jina linalotokea ni la duka. Usitume pesa kwa namba ya mtu binafsi. Ukikosea namba, upeleke ujumbe wa M-Pesa kwa 456 upesi kuomba pesa zirudishwe.

Aidha, usiweke akiba yako dukani kwa njia ya vocha au malipo ya miezi ijayo. Kenya imeshuhudia supamaketi kubwa zikianguka. Uchumi ilifungwa kwa muda 2006, ikafufuliwa, kisha ikayumba tena. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi mapema 2018, na wadai wake wakaamua Januari 2020 ivunjwe. Tuskys nayo ilianza kufunga matawi mwaka huo huo. Duka linapofilisika, mwenye vocha husimama nyuma kabisa ya foleni ya wadai.

Sheria inasemaje?

Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, kupewa maelezo ya kutosha, na kufidiwa kwa hasara inayotokana na kasoro. Nayo Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayeuza kupitia intaneti kumweleza mnunuzi masharti kabla ya makubaliano, na kumpa nafasi ya kukubali, kukataa au kurekebisha makosa.

Anza kwa kulalamika dukani kwa maandishi. Ujumbe wa WhatsApp wenye picha na tarehe watosha. Usiposikizwa, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamishi ya watumiaji, na suala la mizani na vipimo unaweza kulifikisha kwa maafisa wa biashara wa kaunti yako.

Kumbuka pia kuwa duka linakusanya namba yako ya simu na ramani ya kwako. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalihitaji kuzitumia kwa kazi uliyoziitolea. Mhudumu akianza kukutumia jumbe zisizohusu mzigo, una haki ya kulalamika.

Jaribu kwa agizo dogo

Mwisho, usiliamini duka kwa matangazo yake. Lijaribu kwa agizo dogo la vitu vitano au sita, kimoja kikiwa chepesi kuvunjika na kingine kikiwa cha tarehe fupi. Tazama kama watapiga simu, watafika saa waliyosema, na risiti italingana na kilichomo mfukoni. Likitokea kosa, usikasirike upesi: hapo ndipo duka litakapojitambulisha.

Mimi sasa hufanya hivi. Orodha niliyotuma dukani naituma pia kwa simu ya binti wa jirani. Mzigo ukifika, yeye husoma kwa sauti na mama hutia kila kitu mezani, mhudumu akiwa amesimama mlangoni. Risiti hubaki nyumbani. Pesa hutoka baada ya mama kuniambia kwamba hesabu imetimia.

Maduka mawili yalikataa utaratibu huo. La tatu lilikubali bila kuuliza sababu, na ndilo tunalonunua kwalo hadi leo, ingawa sukari yake si ya bei ya chini kabisa mjini.