Kubeba Chakula Mkivuka Mpaka

Mwezi wa Mei ukifika, vikundi vingi vya hapa Machakos huanza kuchanga pesa za basi kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Na kila mwaka akina mama hutuuliza swali lile lile: je, tunaweza kubeba chakula chetu? Swali ni la maana. Watu hamsini wakila hotelini kwa siku nne, pesa za kikundi zimekwisha, na pengine zilikuwa za kununua tangi la maji. Kwa hivyo watu hubeba muthokoi, maharagwe, ndengu, machungwa na ile sufuria kubwa ya kanisa.

Kubeba chakula si kosa. Shida huanza mkifika Malaba au Busia, afisa anauliza, "Hii ni nini?" na kila mtu anamwangalia mwenzake.

Kikundi kimoja tulichosafiri nacho (jina tutaliacha) kilipakia juu ya basi magunia mawili ya mahindi mazima. Yalikuwa mavuno ya Februari, kwa hivyo yalikuwa yamekaa ghalani zaidi ya miezi mitatu. Tulipita kule Magharibi usiku, mvua ikinyesha, na turubai ilikuwa imepasuka. Asubuhi gunia lilipofunguliwa mpakani, unga ulimwagika kama umetoka posho mill, na wadudu wakaanza kutembea juu ya meza ya afisa. Magunia yote mawili yakazuiliwa. Mwenyekiti wetu, mama mtu mzima, alilia. Sisi tulikasirika, tukasema yule afisa hana huruma na mahujaji. Baadaye tulipoelezwa sababu tuliona haya, kwa maana sisi watu wa Ukambani ndio tulifaa kuwa wa kwanza kuielewa.

Nani hapa hamjui yule mdudu anayeitwa Scania, ambaye siku hizi wengine humwita Osama? Huyu si mdudu wa kwetu. Kwao ni Amerika ya Kati. Alianza kusumbua wakulima wa Tabora, Tanzania, kuelekea mwisho wa miaka ya 1970, na mwaka 1983 akapatikana Taveta, upande wetu wa mpaka. Kutoka hapo mnajua wenyewe. Fukusi wa zamani hula polepole, lakini huyu hutoboa mahindi yakiwa bado kwa gunzi, hula muhogo mkavu, na kwa miezi michache mzee anafungua ghala na kukuta vumbi. Mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele. Hakuvuka bahari na bara kwa mabawa yake. Alibebwa ndani ya chakula, na watu waliokuwa wakitafuta riziki, au mama aliyetia gorogoro mbili kwa kiondo kupelekea dada yake. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Sasa afisa wa Uganda akikuta wadudu kwa gunia letu, afanye nini?

Basi mjue jinsi wanavyofikiri. Afisa wa mimea hujiuliza kwanza: hiki kitu kinaweza kuota? Kama hakioti, kinaweza kuficha kitu kinachotaga mayai? Mahindi mazima, maharagwe na ndengu, hata kama nyinyi mnavihesabu kuwa chakula, kwake ni mbegu, kwa sababu ukivitia udongoni vitaota. Viazi vitamu vibichi ni vivyo hivyo. Unga hauoti. Chapati, mkate, njugu karanga zilizokaangwa, havioti. Muthokoi uko katikati: umetwangwa na ganda limetoka, hauwezi kuota, lakini fukusi anaupenda kama kawaida. Mkitaka kuubeba, twangeni karibu na siku ya safari, anikeni ukauke kabisa, upepeteni, na mfunge vizuri. Maoni yetu ni kwamba unga na maharagwe yaliyochemshwa ya siku ya kwanza ni afadhali, halafu maharagwe mengine mnunue kule kule. Kampala yako mengi.

Anayetaka kupitisha nafaka nzima kwa njia iliyo sawa huanza na kibali cha nchi anakokwenda. Kisha shirika letu la kukagua afya ya mimea, KEPHIS, huangalia mzigo na kutoa cheti cha kwamba hauna wadudu wala magonjwa. Kwa gunia moja la kula njiani, kazi hiyo ni kubwa kuliko gunia lenyewe. Kwa biashara ni lazima.

Na hapa tuseme ukweli. Wako wanaobeba magunia matatu ya ndengu ili wauze na kurudisha nauli. Si dhambi, lakini hiyo ni biashara, na msimwambie afisa ati ni chakula cha mahujaji, kwani hata yeye ana macho. Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka mpango wa wafanyabiashara wadogo: mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, ukiwa ni wa vitu vilivyo katika orodha na vimetoka nchi za Jumuiya, hujaziwa fomu rahisi pale mpakani na hautozwi ushuru wa forodha. Wengi hukosea wakidhani fomu hiyo inamaliza kila kitu. Inaonyesha mali imetoka wapi tu. Cheti cha afya ya mimea bado kinahitajika. Mkiambiwa mlipe pesa yoyote, ombeni risiti. Asiye na risiti ya kuwapa, mwulizeni kwa upole mkubwa wake ni nani.

Matunda ni shida ya pili. Nzi wa matunda aliyetoka Asia alionekana Kenya mwaka 2003, na ndiye aliyefanya nchi yetu isimamishe kupeleka maembe Ulaya mwaka 2014, hata biashara hiyo ikafunguliwa tena 2021. Funza wake hukaa ndani na nje huoni kitu. Machungwa yenu yamalizeni kabla ya Malaba. Hakuna anayekagua tumbo.

Nyama mbichi msibebe. Inataka kibali cha daktari wa mifugo, tena safari ni ndefu.

Kurudi ndiko kunakotutia wasiwasi zaidi, maana watu wakiwa na furaha ya hija hubeba kila kitu. Mwaka 2001 mnyauko wa bakteria wa migomba uligunduliwa Mukono, ambako si mbali na Namugongo, na miaka michache baadaye ukafika Magharibi ya Kenya. Ndizi huiva kabla ya wakati na ndani huwa za kahawia, na shina likikatwa hutoa majimaji ya manjano. Shamba likishikwa, migomba hung'olewa. Ugonjwa huu huenda kwa machipukizi na kwa panga lililokata mgomba mgonjwa. Kwa hivyo matoke mle huko huko mshibe, na yule anayetaka chipukizi la ukumbusho akumbuke majirani wake wenye migomba.

Kuna pia mahindi ya bei rahisi mpakani. Tusisahau mwaka 2004, wakati sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini ilipowashika watu 317 hasa huku kwetu Makueni, Kitui na Machakos, na 125 wakafa. Walikula mahindi yaliyowekwa na unyevu. Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu hiyo hiyo, na baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo cheti cha kuonyesha sumu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Gunia lililolowa juu ya basi, liwe la kwetu au la kule, msipike. Kuosha na kuchemsha hakuondoi sumu hiyo.

Wale wanaokwenda Tanzania kupitia Namanga wakumbuke kwamba tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imekatazwa huko, kama ilivyokatazwa hapa Kenya tangu Agosti 2017. Vyondo vyetu vinatosha.

Mkifika nyumbani, magunia matupu msiyarudishe ghalani siku hiyo. Yageuzeni ndani nje, yakung'uteni mbali na boma, myachemshe kwa maji kisha myaanike juani.