Bulaya ni wapi? Neno moja na safari zake



Juma hili tunaongea juu ya neno moja. Siku ya soko tunanunua birayi, na darasani hakukosi mtoto anayesema kwamba akikua ataenda Bulaya. Maneno haya mawili ni ndugu. Kwa Kinyarwanda, Ulaya ni Uburayi na viazi hivi ni ibirayi. Kwa Kirundi ni Buraya na ibiraya. Basi birayi maana yake ni vitu vilivyotoka Bulaya, kwa sababu Wazungu ndio walioleta mbegu huku kwetu.

Lakini Wazungu nao waliipata kwa wengine. Viazi hivi asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini, upande wa Peru, ambako wakulima walivilima maelfu ya miaka kabla Wahispania kuvibeba mpaka kwao katika miaka ya 1500. Mahindi ni vilevile: jina lasema ni ya Wahindi, na kumbe yalitoka Amerika. Mihogo na maharagwe pia. Sahani ya bugali na maharagwe imejaa Amerika, na hakuna chakula hata kimoja kinachotaja jina lake! Chakula huitwa kwa jina la yule aliyekileta mlangoni, siyo la mama aliyekilima wa kwanza.

Sasa, Bulaya lenyewe latoka wapi? Ni la Kiarabu: wilaya, yaani utawala, kisha nchi iliyo chini ya mtawala. Mtawala huyo ni wali. Pwani ya Waswahili, mtu wa Sultani aliyetawala mji aliitwa liwali, ni neno lilelile. (Wali wa kula, ule wa mchele, haumo katika ukoo huu.) Waturuki nao waliita majimbo yao vilayet, kwa sheria ya mwaka 1864. Tanzania mpaka leo wana mkuu wa wilaya. Kwa hiyo Kiswahili kililipokea neno hili mara mbili: wilaya ni sehemu ya nchi, Ulaya ni nchi ya Wazungu.

Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani, watu kama Tippu Tip, ilifika Kasongo na Nyangwe kutafuta pembe za ndovu na watumwa. Kiswahili kikaingia Kongo kwa njia hiyo ya machozi. Mtu wa pwani anasema ugali, sisi bugali. Yeye Ulaya, sisi Bulaya, sawa na Waganda. Hatujaharibu kitu. Tumelivalisha neno nguo ya lugha zetu.

Linalotushangaza zaidi ni kwamba Waingereza nao wanalo. Kule India neno la Kiarabu lilipita kwa Waajemi, likawa vilayat, na wengi wakalitamka bilayat: nchi ya mbali, nchi ya Wazungu. Kitu cha kigeni kiliitwa bilayati. Tomate waliiita bilayati baingan, yaani bilinganya ya Bulaya, kama sisi na birayi zetu. Askari Waingereza waliokaa India walilisikia, wakalipindua, likawa Blighty, hutamkwa “blaiti”, na maana yake kwao ikawa nyumbani, Uingereza. Katika vita vya 1914 mpaka 1918 lilienea kabisa. Askari aliyepata jeraha la kutosha kurudishwa kwao, bila kufa, alisemwa amepata blighty, na wenzake walimwonea wivu. Wivu juu ya jeraha! Ni vita vilevile ambavyo wanaume wengi wa Kongo walibebeshwa mizigo ya jeshi la Wabelgiji mpaka Tabora, mwaka 1916.

Angalieni basi. Neno ni moja: kwa Mhindi lilikuwa mbali kwa wageni, kwa mgeni mwenyewe likawa kwetu. Hapa Kashuga jambo hilo si la vitabu. Kuna watoto waliozaliwa kambini. Ukiwauliza kwao ni wapi, wanataja kilima ambacho hawajalala hata usiku mmoja, kwa sababu mama yao huwatajia jioni. Na mara nyingi yule anayesema ataenda Bulaya ndiye asiye na shamba la kurudia. Sisi walimu hatumkemei, maana kuota si kosa. Lakini tunaona vibaya mzazi anaposema mbele yake kwamba huku hakuna kitu, kizuri chote ni cha Bulaya, na huku anamenya birayi zilizokomaa katika udongo wa Masisi. Afadhali yule mama anayetaja kilima, kijito chake, na jirani aliyepakana naye shamba. Mtoto huyo akija kwetu ana kitu cha kuandika.

Jambo moja tunawaomba. Kabla ya birayi kulikuwa na viazi vingine na vyakula vya zamani, vyenye majina ya Kihunde, Kinyanga na lugha zingine za hapa. Nyanya wa nyumbani akikumbuka jina, amwambie mtoto alete kwa masomo, hata kwenye kikaratasi. Tutayaandika ubaoni, kisha katika gazeti hili.