Mchezo Uliotungwa Nyumbani: Vijana wa Kilosa na Mikumi Wana la Kusimulia

Neno "gemu" limeingia katika nyumba zetu bila kubisha hodi. Mzazi wa Kilosa akimuuliza mwanawe anafanya nini na simu baada ya Isha, jibu ni hilo moja: "Nacheza gemu." Mazungumzo huishia hapo. Mzazi hukasirika au hunyamaza, na kijana huendelea. Lakini neno hilo limefunika mambo yasiyofanana hata kidogo. Chini yake imo kamari iliyovishwa nguo za watoto. Imo burudani ya kupitisha muda. Na limo jambo la tatu ambalo wazazi wengi hawajalisikia: wapo watu wanaotunga michezo ya kompyuta peke yao, bila kampuni na bila mtaji, ili wasimulie msiba, safari au khofu iliyowapata wao wenyewe. Michezo ya namna hii ni midogo. Mingine humalizika kwa dakika chache, na mingi haina mshindi. Aichezaye huifunga akiwa kimya, kama mtu aliyetoka kusikiliza habari ya jirani yake.

Katika ukurasa huu wa familia tumeona tulizungumze jambo hilo la tatu, kwa sababu tunaamini vijana wa Kilosa na Mikumi wana mengi ya kusimulia kwa njia hiyo. Kabla ya kufika huko, hatuna budi kulitenganisha na mambo mawili ya kwanza.

Hisabu na kubahatisha

Kuhusu kamari, Uislamu haukuacha shaka. Sura ya Al-Maidah, aya ya 90 na ya 91, imeiweka pamoja na ulevi, na imeeleza madhara yake: hupanda uadui baina ya watu, na humsahaulisha mja Mola wake na sala yake. Nchini kwetu serikali yenyewe huiita biashara hiyo kwa jina lake, kwani chombo kinachoisimamia ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kubahatisha huko sasa kumo ndani ya michezo ya watoto pia. Mtoto huuziwa kasha lililofungwa asilolijua lina nini ndani, na huambiwa ajaribu bahati yake. Mwaka 2018 Ubelgiji iliamua kwamba makasha ya namna hiyo ni kamari chini ya sheria zake. Sisi tulikuwa na kipimo chetu karne nyingi kabla ya hapo.

Wanafiqhi wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo yafuatwayo na Waislamu wengi wa nchi yetu, waliuzungumzia mchezo wa vishimo na kokoto, ambao ni ndugu wa bao letu lenye mashimo 32 na kete 64. Waliuliza: mchezo huu umesimama juu ya nini? Ule uliosimama juu ya hisabu na fikra hawakuuharamisha. Ule uliosimama juu ya kubahatisha waliukataza. Na hata ule wa kwanza waliuwekea mipaka yake: mali isiwekwe rehani, sala isicheleweshwe, ulimi usichafuke. Kipimo hicho kinafaa kwa simu kama kilivyofaa kwa ubao chini ya mwembe. Mzazi akikishika, hatahitaji kuujua kila mchezo kwa jina.

Wala dini yetu haikuwanyima watoto mchezo wala ubunifu. Imepokewa katika Sunan ya Abu Daud kwamba Mtume (SAW) aliona miongoni mwa wanasesere wa Bi Aisha (RA) farasi mwenye mbawa za vipande vya nguo. Akamuuliza juu ya mbawa hizo. Bi Aisha akamkumbusha farasi wa Nabii Suleiman (AS), na Mtume (SAW) akacheka. Mtoto alikuwa amesikia kisa, akakigeuza kuwa kitu cha kuchezea, na hakukemewa.

Umri wa mtu katika dakika tano

Mwaka 2007 Mmarekani aitwaye Jason Rohrer, akikaribia kutimiza miaka 30, alitunga mchezo mdogo alioupa jina la Passage. Mchezo huo huchukua dakika tano tu. Mchezaji huanza akiwa kijana katika ukanda mwembamba wa picha, na anaweza kwenda atakako. Njiani hukutana na mwanamke. Akimkaribia, huwa wenza na hutembea pamoja, lakini tangu hapo hawezi tena kupita katika vichochoro vyembamba, kwa kuwa wao ni wawili. Hazina zilizo nyuma ya vichochoro hivyo huziona kwa mbali na kuziacha. Dakika zinavyokwenda, nywele zao hugeuka mvi na mwendo hupungua. Mke hufa kwanza, na mume hujikokota peke yake hadi naye hufa. Alama alizokusanya hazimfai kitu.

Mchezo huo hauna maelezo marefu wala mawaidha, ila mchezaji huelewa kwamba ndoa ina gharama na ina thamani, na kwamba umri hauongezwi. Mwaka 2012 Jumba la Sanaa za Kisasa la New York liliuweka katika mkusanyiko wake wa kwanza wa michezo 14. Mwislamu aliyelelewa katika kukumbuka mauti hatauona mgeni.

Baba wa Nablus

Mfano wa pili uko karibu zaidi na nyoyo za wasomaji wetu. Rasheed Abueideh ni Mpalestina wa mji wa Nablus. Vita vya Gaza vya mwaka 2014 vilimkuta akiwa baba, na picha za wazazi waliobeba miili ya watoto wao hazikumtoka. Kwa takriban miaka miwili alitunga mchezo uitwao Liyla and the Shadows of War, ulio wa rangi nyeusi na kijivu, watu wake wakionekana kama vivuli. Mchezaji ni baba anayejaribu kuiokoa familia yake usiku wa mabomu. Michezo mingi ya vita humfundisha mtu kulenga shabaha. Huu humweka mahali pa yule anayelengwa.

Ulipopelekwa Apple mwaka 2016, kampuni hiyo ilikataa kuuweka katika fungu la michezo, kwa hoja kwamba una ujumbe wa kisiasa na unafaa kuwekwa katika fungu la habari au marejeo. Malalamiko yalienea, na baada ya siku chache kampuni ikabadili uamuzi. Hapa pana funzo kubwa. Mchezo wa kuua ulikubaliwa kuwa mchezo bila swali, na kilio cha baba kikaulizwa kama ni mchezo kweli.

Abueideh hakukoma. Baadaye alianza kutunga mchezo mwingine, Dreams on a Pillow, juu ya Nakba ya mwaka 1948. Ameujenga juu ya kisa kinachosimuliwa na Wapalestina, cha mama aliyekimbia kwa fazaa akabeba mto wa kulalia akidhani amembeba mwanawe. Fedha zake zilichangishwa kupitia LaunchGood, jukwaa la michango la Waislamu, na lengo lake la kwanza lilifikiwa Januari 2025.

Kompyuta ya mama mkimbizi

Wa tatu ni jirani yetu wa Afrika Mashariki. Lual Mayen alizaliwa wakati wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan Kusini, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Alipoona kompyuta akaitamani. Mama yake, aliyekuwa akishona nguo, aliweka akiba kwa miaka mitatu hadi zikatimia dola 300, akamnunulia. Kambini hapakuwa na umeme, hivyo kijana alitembea saa tatu kwenda kuichaji. Alijifundisha mwenyewe kuandika programu. Mchezo wa kwanza alioukuta katika kompyuta ulikuwa wa fujo na bunduki, naye akajiuliza kwa nini watu waliotoka vitani wasitunge mchezo wa amani. Akatunga mchezo akauita Salaam. Ndani yake mchezaji ni mkimbizi anayetafuta maji, chakula na usalama. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za kimataifa za michezo ya kompyuta nchini Marekani.

Tumwangalie mama huyo. Hakujua programu ni nini. Alichokijua ni kwamba mwanawe ana jambo moyoni, na kwamba kifaa kile ni njia ya kulitoa.

Mto Mkondoa na barabara ya Mikumi

Sasa turudi kwetu. Mwishoni mwa Desemba 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulifurika Kilosa. Maelfu ya watu walipoteza makazi, familia zikahamia katika mahema, na Reli ya Kati ikakatika baina ya Kilosa na Gulwe. Mtoto aliyekuwa na miaka saba usiku ule sasa ni mtu mzima, huenda ana watoto wake. Taarifa za serikali zilihesabu nyumba na mahema. Ni nani amesimulia ilikuwaje kuamshwa gizani na maji yakiwa yamefika kitandani?

Tuchukulie kijana mmoja anataka kuusimulia usiku huo kwa mchezo. Mchezaji awe mtoto. Maji yanaingia, na mikono ni miwili. Amshike mdogo wake, au mkoba wa shule? Arudi kwa bibi aliyekataa kutoka, au awafuate jirani wanaokwenda penye mwinuko? Kila achaguapo moja, lingine hubaki nyuma, na asubuhi mchezo humwonyesha alichokiacha. Hapana alama wala mshindi. Mchezo kama huo huchezwa kwa dakika kumi, na yeyote aliyeucheza, awe wa Dar es Salaam au wa Muscat, ataijua Kilosa kwa namna ambayo ramani haiwezi kumpa.

Mikumi nayo ina lake. Barabara kuu iendayo Zambia hukatiza ndani ya hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1964, kwa takriban kilomita 50. Wanyama hugongwa humo, na dereva hutozwa faini. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kipande hicho ni saa nzima. Kwa mwendo wa 100 ni nusu saa. Mtu anaweza kutunga mchezo wa dereva wa lori wa usiku ambao anayeharakisha ndiye anayeshindwa. Dereva ana mtoto mgonjwa anayemngoja nyumbani, tajiri anampigia simu, na gizani kuna macho yanayong'aa kando ya lami. Nusu saa hiyo ina bei gani, na nani huilipa? Kijana aliyekulia Mikumi, akiwaona madereva hao wakinywa chai kando ya barabara, hahitaji kusoma kitabu ili atunge mchezo huo.

Vifaa na tahadhari

Vifaa vya kuanzia havina malipo. Twine, iliyoanza mwaka 2009, humwezesha mtu kutunga kisa chenye njia nyingi kwa maandishi tu, kwa Kiswahili, bila kujua programu. Anayechelea kuchora viumbe vyenye roho, jambo ambalo wanazuoni wamehitilafiana katika upana wake, atapata humo njia isiyo na picha. Bitsy hutumia miraba midogo ya nukta 8 kwa 8, nayo humlazimisha mtunzi kusema mengi kwa machache. Godot ni kwa aliyekwisha kupiga hatua. Kompyuta iliyotumika hutosha kwa Twine na Bitsy, na kazi iliyokamilika huwa ni faili dogo linaloweza kutumwa kwa simu na kuchezwa bila bando.

Hatutaki kumdanganya mtu kwamba humo mna utajiri. Michezo ya namna hii kwa kawaida hailipi, na Abueideh mwenyewe aliendesha duka la kukaanga karanga na njugu. Kijana asiache shule wala kazi kwa ajili yake. Afanye kama watu wafanyavyo utenzi au ususi: kwa saa zinazobaki, na kwa ikhlasi.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya heshima. Anayesimulia maisha yake husimulia na ya wengine. Baba aliyekimbia peke yake usiku wa mafuriko, mke aliyeachwa, jirani aliyeiba katika mahema: hao wana sitara yao. Kisa kuwa cha kweli hakukiondolei sifa ya ghiba. Mtunzi aombe idhini, abadili majina, na aache lisilo lake.

Jukumu la wazazi

Ndugu mzazi, kumnyang'anya kijana simu ni rahisi, na wakati mwingine ni lazima. Lakini kabla ya hapo keti naye, umtake akuonyeshe anachokicheza. Uliza maswali matatu. Mchezo huu umesimama juu ya fikra au juu ya kubahatisha? Ni nani aliyeutunga, na anataka nini kutoka kwako? Na wewe ungetunga upi? Swali la mwisho lisikuogopeshe. Huenda likazaa mazungumzo juu ya usiku ambao hamjawahi kuuzungumza nyumbani kwenu.

Walimu wa madrasa na viongozi wa misikiti nao wanaweza kusaidia. Kompyuta moja katika ofisi ya msikiti, na saa mbili za Jumamosi baina ya Adhuhuri na Alasiri, zinawatosha vijana watano, wa kiume kwa zamu yao na wa kike kwa zamu yao. Waanze kwa kuwahoji wazee. Mashamba ya mkonge ya Kimamba, ujenzi wa reli ya Kidatu ipitayo Mikumi na mafuriko ya Mkondoa yangali vifuani mwa watu walio hai, na watu hao hawatakuwa nasi daima.

Tusipowafundisha vijana wetu kusimulia, watabaki kuchezea visa vya wengine, na watoto wao watakuja kuulizana Mkondoa ulifurika lini pasiwe na wa kuwajibu. Wabillahi Tawfiq.