AFYA YAKO: UZEENI TULE NINI?

Katika vijiji vyetu vya Mbeya na Iringa tuna desturi nzuri ya kuwaheshimu wazee. Kijana anayefanya kazi mjini hamwendei mzazi wake mikono mitupu. Huleta sukari, unga mweupe wa sembe, mafuta ya kupikia na soda. Mnyama akichinjwa, mzee hupewa nyama iliyonona. Akinywa chai, mkwe wake humtilia sukari vijiko vinne, maana chai isiyo na sukari huonekana kuwa ni ubahili.

Desturi ya kumheshimu mzee tusiiache. Lakini leo tujiulize swali moja. Je, vyakula hivi vya heshima vinamsaidia mzee au vinamwumiza?

MFANO WA MZEE MMOJA

Tuchukue mfano. Mzee mmoja ana miaka 64. Tangu ujana wake alilima kwa jembe la mkono. Sasa goti linamwuma na shamba linalimwa na wanawe. Asubuhi hunywa chai vikombe viwili na maandazi. Mchana hula ugali wa sembe, mkubwa kama ule aliokula alipokuwa akilima. Jioni hula ugali tena. Siku ya mnada hula nyama ya kuchoma na kunywa komoni. Tumbo lake limeanza kutokeza, na watu wanamsifu kwamba amenawiri. Mwenyewe husema, "Nimekula ugali maisha yangu yote, wala haujanidhuru."

Asubuhi moja mzee huyu aliamka, mkono wa kulia hauinuki. Mdomo umekwenda upande. Maneno hayatoki. Majirani wakasema amerogwa na wanga. Siku mbili zikapotea kwa mganga. Walipofika hospitali, daktari aliwaeleza kuwa ni kiharusi. Presha yake ilikuwa juu na sukari ilikuwa nyingi katika damu. Hakuna aliyejua, maana mzee hakupimwa hata siku moja.

Mzee huyu ni wa mfano tu. Lakini wengi wetu tunamjua mtu kama yeye. Majirani walitafuta wanga usiku, kumbe wanga wenyewe ulikuwa sahanini.

MAMBO MATATU YAMEBADILIKA

Mzee wetu alisema kweli. Ugali haukumdhuru alipokuwa kijana. Lakini mambo matatu yamebadilika.

La kwanza, kazi imebadilika. Mtu anayelima kutwa huchoma chakula kama moto unavyochoma kuni. Mtu anayekaa barazani hukichoma kidogo. Kinachobaki mwili hukiweka akiba. Akiba hiyo ni mafuta ya tumboni.

La pili, mwili umebadilika. Mtu akizeeka nyama za mwili hupungua. Nyama hizo ndizo zinazotumia sukari nyingi ya damu. Zikipungua, sukari hukaa katika damu muda mrefu zaidi.

La tatu, ugali wenyewe umebadilika. Wazee wetu walikula ulezi, mtama na mahindi yaliyosagwa yakiwa mazima. Mahindi yakikobolewa mashineni, ganda na kiini huondolewa. Ganda lina makapi yanayosaidia tumbo na kuzuia sukari isiingie katika damu kwa haraka. Kiini kina mafuta mazuri na vitamini. Tunabaki na wanga mweupe peke yake. Pumba tunawapa nguruwe. Kwa hiyo nguruwe anakula sehemu iliyo bora na mzee anakula iliyobaki.

WANGA NI NINI?

Wanga ni chakula cha kuutia mwili nguvu. Uko katika ugali, wali, viazi, mihogo, ndizi za kupika, mkate na maandazi. Tumboni wanga hugeuka kuwa sukari. Sukari huingia katika damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa kitu kiitwacho insulini, ambacho huifungulia sukari mlango iingie katika nyama za mwili. Tukila wanga mwingi kila siku bila kazi na tukinenepa tumboni, mlango huo huwa mgumu kufunguka. Kongosho huchoka. Sukari hujaa katika damu. Huo ndio ugonjwa wa kisukari unaowapata watu wazima. Baada ya miaka huharibu macho, figo, miguu na moyo.

Wakazi wa Rungwe, Njombe na Mufindi wasikilize jambo hili. Viazi na ndizi si mboga. Ni wanga. Anayekula ugali kwa viazi amekula wanga mara mbili. Na anayebadili sembe kwa dona au ulezi amefanya vizuri, lakini asijaze sahani. Ulezi nao ni wanga.

LEHEMU NI NINI?

Lehemu ni kitu kama nta kilichomo katika damu. Mwili unaihitaji. Sehemu kubwa hutengenezwa na ini letu wenyewe. Nyingine hutoka katika vyakula vya wanyama. Ikizidi, huganda katika kuta za mishipa ya damu, kama matope katika mfereji wa maji. Mfereji huwa mwembamba. Siku moja huziba. Ukiziba wa moyo, moyo hushikwa. Ukiziba wa ubongo, ni kiharusi.

Kinachoongeza sana lehemu mbaya ni mafuta yanayoganda: mafuta ya nyama iliyonona, mafuta ya nguruwe, siagi na samli. Mafuta ya alizeti, ya karanga na ya parachichi hayagandi kwa urahisi, nayo ni bora. Mawese ya Kyela hayana lehemu, lakini sehemu yake ni mafuta ya kuganda, hivyo yatumiwe kwa kiasi. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi mpaka yakawa meusi tuyaepuke.

Lehemu nyingi haina dalili. Haiumi. Haiwashi. Hata mtu mwembamba anaweza kuwa nayo.

FUNZO KUTOKA LUDEWA

Wilaya ya Ludewa zamani ilikuwa katika Mkoa wa Iringa. Tangu mwaka 2012 iko katika Mkoa wa Njombe. Huko madaktari walifanya uchunguzi ambao habari zake zilichapishwa duniani mwaka 1996. Unaitwa uchunguzi wa Lugalawa. Walilinganisha wanavijiji wa namna mbili. Wa kwanza waliishi ufukweni mwa Ziwa Nyasa na walikula samaki kila siku. Wa pili waliishi milimani, nao walikula nafaka na mboga, nyama na samaki ni nadra.

Walikuta nini? Kwa wala samaki, watu karibu 3 kati ya 100 walikuwa na presha ya juu. Kwa wale wa milimani walikuwa karibu 16 kati ya 100. Lehemu nayo ilikuwa ndogo zaidi kwa wala samaki.

Uchunguzi huu hausemi kuwa samaki ni dawa. Maisha ya ziwani na ya milimani hutofautiana kwa mambo mengi. Lakini unatufundisha kuwa kuacha nyama tu hakutoshi. Na usipa, yule samaki mdogo wa Ziwa Nyasa tunayemdharau, anafaa kuliko nyama iliyonona.

UGONJWA HUU SI WA MATAJIRI TU

Wengine husema kisukari na presha ni magonjwa ya wakubwa wa mjini. Zamani ilielekea kuwa hivyo. Katika miaka ya 1980 madaktari waliwapima watu wa vijiji 6 vya Tanzania. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989. Hakufika hata mtu mzima mmoja kati ya 100 aliyekuwa na kisukari.

Mwaka 2012 watu wa umri wa miaka 25 hadi 64 walipimwa nchini. Kati ya kila watu 100, kama 9 walikuwa na sukari nyingi katika damu, na kama 26 walikuwa na presha ya juu. Uchunguzi wa kwanza ulikuwa wa vijiji tu, na wa pili ulichanganya mijini na vijijini. Hata hivyo mwelekeo tunauona.

TUFANYE NINI?

1. Gawa sahani yako. Nusu iwe mboga: mnafu, mchicha, majani ya maboga, kabichi. Robo iwe maharage, njegere, samaki, yai au nyama isiyonona. Robo iliyobaki iwe ugali, wali, ndizi au viazi. Mzee anayelima bado aongeze kidogo.

2. Kula dona. Chagua mahindi makavu, yasiyo na ukungu. Mahindi yenye ukungu yana sumukuvu, ambayo ni hatari. Usiwape wala mifugo.

3. Punguza sukari. Tufanye hesabu. Vikombe 3 vya chai kwa siku, vijiko 4 kila kikombe, ni vijiko 12. Kwa siku 30 ni vijiko 360. Kijiko kimoja kina gramu 4 hivi. Kwa hiyo mzee mmoja anakula karibu kilo moja na nusu ya sukari kwa mwezi katika chai tu. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari yote ya siku isizidi vijiko 12 hivi, na ni bora iwe 6. Chupa moja ya soda ina vijiko kama 8. Punguza kidogo kidogo. Wiki hii vijiko 3, wiki ijayo 2. Ulimi utazoea.

4. Punguza chumvi. Mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku. Nyumba yenye watu wazima 6 isimalize kilo moja kwa mwezi. Usiweke chumvi mezani.

5. Punguza pombe. Ulanzi, komoni na kimpumu huongeza unene na hupandisha presha. Ulanzi mbichi ni mtamu kwa sababu una sukari. Na tumbaku iachwe kabisa, maana huharibu mishipa.

6. Tembea. Nusu saa kila siku inatosha kwa kuanzia. Palilia bustani. Nenda kwa jirani kwa miguu.

7. Usimnyime mzee chakula. Huu si mwito wa kukaa na njaa. Mzee anayekonda anahitaji maharage, samaki, mayai na maziwa ili nyama za mwili zisiishe. Kama hana meno, maharage yapondwe na mboga zikatwe ndogo. Parachichi laini linamfaa sana. Nusu yake kwa mlo inatosha.

8. Pima. Kila mwenye miaka 40 au zaidi akapime presha zahanati angalau mara moja kwa mwaka. Sukari na lehemu ulizia katika kituo cha afya au hospitali. Presha ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, mara kwa mara, inahitaji ushauri wa daktari.

9. Kama umepewa dawa, usiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa sababu ya dawa. Na kabla ya kupunguza chakula sana, mwambie daktari, maana dawa ya kisukari bila chakula huweza kumwangusha mtu.

10. Ukiona mdomo umekwenda upande, mkono umelegea au maneno yanakorogeka ghafla, mpeleke mgonjwa hospitali saa hiyo hiyo. Usingoje asubuhi. Usianzie kwa mganga.

MWISHO

Ndugu msomaji, wewe uliyejifunza kusoma una wajibu. Mwaka 1973 taifa letu lilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Mwaka 1975 tukafanya Chakula ni Uhai. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu, kisha wakachimba vyoo na kulima bustani. Na sisi tunaweza.

Msomee mama yako ukurasa huu. Msomee baba yako. Na safari nyingine ukimwendea mzazi, badala ya sukari kilo mbili mpelekee usipa, maharage na mbegu za mboga. Kisha mshike mkono, mwende pamoja zahanati mkapime presha. Hiyo nayo ni heshima.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Jana jioni ulikula nini? Kipi kilikuwa wanga? Mboga zilifika nusu ya sahani?

2. Nyumbani kwako mnatumia sukari kilo ngapi kwa mwezi? Piga hesabu ya vijiko kwa kila mtu.

3. Kwa nini dona ni bora kuliko sembe? Mashine ya kijiji chenu husaga dona?

4. Katika kikundi chenu, ni wangapi wenye miaka 40 au zaidi? Wangapi wamepima presha mwaka huu? Wale ambao hawajapima wataje siku watakayokwenda.