Ndinga za mastaa: Tairi ya kiangazi au ya misimu yote? Ni kama kuchagua daluga

VIJIWENI mashabiki wanaweza kubishana mpaka usiku kuhusu ndinga za mastaa wa soka. Nani ana Ferrari, nani ana Lamborghini, nani kanunua nini baada ya kusaini mkataba mpya. Watahesabu nguvu za farasi za injini, watataja bei, watasifia rangi na mlio. Kitu ambacho hakuna anayekiuliza ni kile kimoja tu kinachogusa barabara. Tairi.

Hesabu yake ni rahisi. Gari linaweza kuwa na nguvu za farasi 600, lakini nguvu zote hizo zinapita kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikiwa na ukubwa wa kiganja hivi. Breki inashika hapo. Kona inakatwa hapo. Viganja hivyo vinne vikipoteza mshiko, injini ya mamilioni haina msaada wowote, na dereva anageuka abiria kwenye gari lake mwenyewe.

Ndiyo maana kwa wenye magari ya kasi huko Ulaya na Amerika Kaskazini kuna ubishi usioisha kila mwaka: ufunge tairi za kiangazi au za misimu yote? Ukiusikiliza vizuri, utagundua ni ubishi uleule wa vyumba vya kubadilishia nguo. Leo uwanja umelowa, unavaa daluga za meno marefu au mafupi?

ANTONIO NA JOTA

Kabla ya kwenda mbali, tukumbuke kwamba barabara haimjui staa.

Desemba 7, 2024, siku ambayo dabi ya Everton na Liverpool iliahirishwa kwa sababu ya kimbunga Darragh, straika wa West Ham, Michail Antonio, alipata ajali na Ferrari yake huko Essex. Gari liliharibika vibaya, yeye akavunjika mguu na kufanyiwa upasuaji. Alikaa hospitali zaidi ya wiki tatu. Ilimchukua hadi Juni 2025 kurudi uwanjani, akiwa na timu ya taifa ya Jamaica.

Miezi saba baada ya ajali ile, Julai 3, 2025, dunia ya soka ikalia. Diogo Jota wa Liverpool na mdogo wake, André Silva, walifariki kwenye barabara ya A-52, mkoa wa Zamora, Hispania, wakiwa kwenye Lamborghini. Jota alikuwa amefunga ndoa siku 11 tu zilizopita. Taarifa ya kwanza ya polisi wa Hispania ilisema ilionekana tairi ilipasuka wakati gari linalipita jingine. Baadaye uchunguzi wa awali ukaeleza pia kwamba huenda mwendo ulikuwa umezidi.

Hakuna anayeweza kukaa Dar es Salaam akasema ajali hizo mbili zilitokana na kuchagua tairi ya aina fulani, na gazeti hili halisemi hivyo. Zinachotukumbusha ni kwamba mwendo, hali ya hewa na tairi vinachezea timu moja. Kimoja kikiharibu, kingine hakiwezi kuziba pengo.

NYUZI 7 NDIZO MWAMUZI

Sasa twende kwenye mpira wenyewe. Tairi ya kiangazi ya gari la kasi, mfano Michelin Pilot Sport 4S au Pirelli P Zero, imetengenezwa kwa mpira unaofanya kazi vizuri kukiwa na joto. Vipande vyake vya juu ni vikubwa na vigumu, havinesi ovyo ukikata kona kwa kasi. Usukani ukiugeuza kidogo, gari linajibu palepale. Breki ukiikanyaga kwenye lami kavu, linasimama mapema.

Shida inaanza baridi ikiingia. Wataalamu wa tairi hutumia kipimo cha nyuzi joto 7 kama mstari wa goli. Chini ya hapo mpira wa kiangazi huanza kukakamaa kama kandambili iliyolala kwenye friji. Unapoteza mshiko hata kama barabara ni kavu na hakuna theluji hata chembe. Tairi nyingine za mwendo mkali zaidi zinaweza hata kupata nyufa zikitumika kwenye baridi ya kugandisha.

Tairi ya misimu yote inajaribu kucheza namba zote. Mpira wake hubaki laini baridi ikishuka, na juu yake kuna mikato mingi midogo ya kung'ata barabara yenye theluji kidogo. Lakini ulaini huohuo ni gharama wakati wa joto. Vipande vinanesanesa kwenye kona, usukani unajibu kwa kuchelewa, na gari linahitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko lenye tairi nzuri ya kiangazi.

Ni kama kiraka wa timu. Leo beki wa kulia, kesho kiungo, keshokutwa winga. Kocha yeyote anampenda, maana anaokoa jahazi. Lakini fainali ukiwa na straika asilia benchi, humpangi kiraka mbele.

WENZETU WANAAMUAJE?

Jibu linategemea unaishi wapi. Angalia njia za wanasoka wetu wa Afrika Mashariki uone ramani hiyo.

Mkenya Michael Olunga aliondoka Gor Mahia akatua Djurgården ya Sweden mwaka 2016. Huko sheria inasema kati ya Desemba 1 na Machi 31, barabara ikiwa na hali ya baridi kali, lazima gari liwe na tairi za baridi, zenye kina kisichopungua milimita 3. Mwaka 2021 huyohuyo akatua Al-Duhail ya Qatar, nchi ambayo joto la kiangazi linavuka nyuzi 40. Tairi ya Stockholm ukiipeleka Doha itasagika kama kifutio cha mwanafunzi. Ya Doha ukiipeleka Stockholm mwezi Januari, utakuwa unacheza kwenye barafu bila daluga.

Victor Wanyama naye alihama Tottenham mwaka 2020 akaenda Montreal, jimbo la Quebec nchini Canada. Kule hakuna mjadala. Kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15 kila gari lililosajiliwa kwenye jimbo hilo lazima liwe na tairi za baridi. Tairi ya misimu yote ya kawaida, yenye herufi M+S peke yake, haikubaliki. Inatakiwa alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake.

Ujerumani, nyumbani kwa Bundesliga, hawana tarehe maalumu. Sheria inaangalia hali: barafu, theluji au utelezi wa baridi ukiwepo, tairi lazima ziwe na alama hiyo ya mlima. Ukikamatwa bila hizo faini inaanzia euro 60 na pointi moja kwenye leseni. Madereva wenyewe wana msemo wao wa kukumbushana, kwamba tairi za baridi ni za kuanzia Oktoba hadi Pasaka. Mwenye gari la kasi huko huwa na seti mbili. Moja ipo garini, nyingine imelala stoo ikisubiri zamu yake.

England ndiko ubishi unakokuwa mkali. Hakuna sheria inayolazimisha tairi za baridi, na msimu wenyewe haueleweki. Asubuhi ya Januari unaweza kukuta nyuzi 2, wiki ijayo ikawa 11 na mvua. Mchezaji anatoka nyumbani alfajiri kwenda mazoezini, barabara ya kijijini imelowa na ina ukungu, naye ana tairi za kiangazi za mwezi Juni. Hapo mtu mwenye gari moja, asiye na stoo ya seti ya pili, anashauriwa achukue za misimu yote zenye alama ya mlima na akubali kupoteza kidogo wakati wa joto. Michelin walipoleta CrossClimate mwaka 2015 walikuwa wanamlenga mtu wa namna hiyo: tairi inayoegemea kiangazi lakini yenye kibali cha baridi.

JINA LISIKUCHANGANYE

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo wengi wanapigwa chenga.

Mtu wa Dar akisikia "tairi ya kiangazi" anawaza jua la Januari. Akisikia "misimu yote" anawaza masika, vuli, kipupwe na kiangazi, kwa hiyo anaona bora achukue hiyo ya pili ili mvua ikija awe salama. Hesabu hiyo si sahihi. Majina hayo yametoka kwenye nchi zenye theluji. "Misimu yote" maana yake ni pamoja na baridi ya kugandisha, si masika yetu.

Mvua ya Dar, Tanga au Mombasa inanyesha kukiwa na nyuzi 25 hivi. Kwa mpira wa kiangazi hilo ni joto la kazi. Tairi ya kiangazi ina mifereji mipana ya kutoa maji na mpira unaoshika lami yenye joto, hivyo kwenye mvua ya aina hiyo mara nyingi ndiyo bora. Hata Mbeya na Njombe, ambako asubuhi za Juni na Julai baridi inaweza kushuka chini ya nyuzi 7, mchana hali hubadilika. Huko dawa ni kupunguza mwendo alfajiri, si kubadili seti nzima.

Kwa hiyo mwenye Subaru yake, Crown au Mark X anayependa kukanyaga mafuta, chaguo lake hapa nyumbani ni tairi nzuri ya kiangazi. Basi.

Hatari halisi kwetu iko upande mwingine. Magari ya mtumba kutoka Japan wakati mwingine hufika na tairi za baridi, na tairi za mtumba nazo zinauzwa. Ukiona ubavuni neno STUDLESS, hiyo ni tairi ya theluji. Mpira wake ni laini mno kwa lami ya Morogoro saa saba mchana. Itakuwa kimya na laini barabarani, utaipenda, halafu siku ya kukanyaga breki ya ghafla itakuangusha.

SOMA UBAVU WA TAIRI

Kama unavyosoma jina na namba mgongoni mwa mchezaji, tairi nayo ina vyake. Chukua mfano wa 225/45 R17 91W. Namba 225 ni upana kwa milimita, 45 ni asilimia ya urefu wa ubavu ukilinganisha na upana, 17 ni inchi za ringi. Namba 91 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 615. Herufi ya mwisho ni mwendo wa juu inaoruhusiwa: T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210, V ni 240, W ni 270 na Y ni 300.

Gari lililotoka kiwandani na W ukilifunga T kwa sababu ni bei poa, umempanga mchezaji wa veterani akamkabe winga wa miaka 19.

Kisha tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2319, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi inaweza kung'aa kama mpya na bado mpira wake umezeeka.

Angalia pia kina. Tairi mpya huwa na karibu milimita 8. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kikomo cha kisheria ni milimita 1.6, na kwa Uingereza faini inaweza kufika pauni 2,500 kwa kila tairi. Tairi ikiwa kipara, maji hayana pa kupita, gari linaelea juu yake kama boti. Hapo iwe ya kiangazi au ya misimu yote, zote ni sawa na bure.

La mwisho, usichanganye. Mbili za kiangazi mbele na mbili za misimu yote nyuma ni timu yenye makocha wawili. Mbele inashika, nyuma inaachia, gari linazunguka. Kwa gari linalosukuma magurudumu yote manne kama Subaru, tairi za vimo tofauti zinaumiza mpaka gia. Na upepo pima tairi zikiwa baridi, kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva, si kwa kupiga teke.

Daluga mbovu itakuponza mbele ya mashabiki, utateleza, watacheka, mechi itaendelea. Barabarani hakuna dakika za nyongeza. Kabla hujauliza ndinga ina nguvu za farasi ngapi, inama kwanza uangalie imevaa nini miguuni.